Kumisi kwa Injini na Upungufu wa Nguvu katika Gari la Zamani

Injini ya petroli yenye silinda nne, ya aina iliyofungwa katika Toyota Corolla nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 zikiwa na kabureta na distributa, huwasha silinda zake kwa mpangilio wa ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya pili, na kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti. Kwa hiyo injini inayozunguka mara 900 kwa dakika gari likiwa limesimama huhitaji mwako mara 450 katika kila silinda, na silinda moja ikishindwa kuunguza mchanganyiko wake kwa wakati, injini hutikisika na gari hukosa nguvu. Hali hiyo ndiyo mafundi huiita kumisi.

Mwako hutegemea cheche, mgandamizo wa kutosha, unaojulikana gereji kama kompresheni, na mchanganyiko wa hewa na petroli unaokaribia uwiano wa 14.7 kwa 1 kwa uzito. Kwa kuwa magari ya umri huo hayana kompyuta inayoitaja silinda yenye hitilafu, desturi imekuwa kununua plagi, kisha koili, kisha kabureta, mpaka tatizo liondoke au fedha ziishe, ilhali wakati ambapo kumisi kunatokea hueleza mengi kabla ya kifaa chochote kununuliwa.

Umeme unaohitajika ili cheche iruke kwenye pengo la plagi, ambalo aghalabu ni kati ya milimita 0.8 na 1.1, huongezeka kadiri shinikizo ndani ya silinda linavyopanda. Ndiyo maana koili dhaifu, waya wa plagi uliochakaa au kofia ya distributa yenye ufa huweza kufanya kazi bila kasoro gari likiwa gereji, kisha vikashindwa mlimani dereva anapokanyaga mafuta. Filta ya petroli iliyoziba na pampu iliyochoka nazo hujionyesha mlimani, lakini kwa namna nyingine: hitilafu ya cheche hulikurupusha gari kwa mshtuko wa ghafla, ilhali uhaba wa petroli hulifanya lififie polepole kana kwamba linavutwa nyuma. Hewa inayopenya kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi huleta kinyume chake, kwani injini humisi gari likiwa limesimama na kutulia mwendo unapoongezeka.

Hata hivyo, si kila upungufu wa nguvu ni ugonjwa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na kabureta iliyorekebishwa Mombasa, ikifika Nairobi, huendelea kumimina petroli kwa kipimo cha pwani ingawa hewa imepungua, hivyo plagi huwa nyeusi kwa masizi makavu.

Ili kuipata silinda yenye kasoro, nyaya za plagi huchomolewa mmoja mmoja injini ikizunguka, kwa koleo lenye mpini wa mpira, kwa sababu umeme wake huweza kupita volti 20,000, na ncha iliyochomolewa hugusishwa kwenye chuma cha injini ili koili isiharibike. Silinda nzima ikinyimwa cheche, mzunguko hushuka. Ile ambayo kuchomolewa kwake hakubadilishi chochote ndiyo isiyofanya kazi. Plagi yake ikihamishiwa silinda jirani na kumisi kukahama nayo, uchunguzi umekwisha kwa gharama ya dakika chache.

Kumisi kusipohama, wala kubadili waya kusiposaidia, kompresheni hupimwa kwa geji plagi zote zikiwa zimetolewa, na linalotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda kuliko kiwango chenyewe. Silinda iliyo chini sana hutiliwa oili kiasi cha kijiko kimoja kisha hupimwa tena: kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika, kikibaki palepale, valvu ndizo zinazoshukiwa, na silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua katikati yake, jambo ambalo halirekebishiki bila hedi kufunguliwa.