Kabla Maktaba Haijabebeshwa Nyumba

Kibandani kwangu Olympic, Kibera, ninaposhona sare za shule, wateja hawaishi kubishana juu ya nyumba. Ardhi ya Nairobi imebana, na baadhi ya maktaba za umma ni za ghorofa moja. Mbona zisijengwe upya, juu yake wakae watu? Mzee mmoja, landilodi, hataki kusikia: wapangaji ni kelele, na msomaji anahitaji utulivu. Kijana wa bodaboda humjibu, "Mzee wangu, kelele za vyumba vya kumi kwa kumi ndizo zinazowakimbizia watoto maktaba."

Niko upande wa kijana, ila nina sharti.

Jambo hili limefanyika kwingine. Mwaka 2019 Chicago ilifungua maktaba tatu zilizojengwa pamoja na nyumba, moja ikiwa na nyumba 73. Huko Inwood, New York, maktaba ya zamani ilibomolewa ikarudi mwaka 2024 chini ya jengo lenye nyumba 174 za bei nafuu. Baadhi ya wakazi walipinga mapema, wakihofia kukosa huduma wakati wa ujenzi.

Hofu hiyo sisi wa Kibera tunaijua. Septemba 2009 wakazi wa Soweto East, hapa hapa Kibera, walianza kuhamishiwa ghorofa za Lang'ata ili kupisha ujenzi. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa Julai 2016. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza, funguo zilitolewa yuko darasa la nane, mwaka wa mtihani wa KCPE. Tena Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopitishwa kwetu, shule zilibomolewa pamoja na nyumba, masomo yakiendelea.

Kwa hiyo, kabla mabati ya mkandarasi hayajazungushwa, chumba cha muda cha kusomea kiwe kimefunguliwa, mahali mtoto anafika kwa miguu na kurudi kabla ya giza. Kiwe na meza, stima na vitabu. Maktaba ya umma ya Kibera iliwahi kusifika kwa kuwafundisha watoto kwa tableti. Huduma kama hiyo haiwezi kufungiwa stoo mpaka ghorofa ya mwisho ipakwe rangi.

Na pesa? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria hiyo hiyo inaruhusu fedha zitumike pia kwa huduma za jamii zinazoandamana na nyumba. Chumba cha kusomea ni huduma ya jamii.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Basi vikao viitwe Jumamosi alasiri, akina mama wanaofanya kazi Kileleshwa wakiwa wamerudi, na wanafunzi waketi mbele. Siku hiyo nitafunga cherehani niende nikaulize kitu kimoja: chumba cha muda kiko ukurasa gani wa mkataba wa ujenzi?