Kiswahili Mahakamani baada ya Sheria ya 2021: Maneno Yatakayo Hadhari

Mwezi wa Februari 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1 ya mwaka huo, ambayo pamoja na mambo mengine iliibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Kwa mabadiliko hayo lugha ya sheria za nchi ikawa Kiswahili, na lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya kutoa haki ikawa Kiswahili pia. Kiingereza hakikufukuzwa kabisa. Mahakama yaweza kukitumia pale maslahi ya haki yanapotaka hivyo, na kanuni za mwaka 2022 zikaeleza hali na masharti ya kufanya hivyo. Kabla ya hapo, katika Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari 2021, Rais Magufuli alikuwa amemsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani.

Waliopinga jambo hili walisema aghalabu kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Hoja hiyo ni dhaifu. Mahakama za mwanzo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miongo mingi. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, alikwisha kuyajadili matatizo ya sheria katika Kiswahili mwaka 1965, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya sheria mwaka 1999. Maneno yapo. Hatari imo katika jambo lililo kinyume cha upungufu: maneno yapo, nayo yana maana zake za siku zote katika vinywa vya watu. Mengi yaliingia kwa njia ya kadhi na soko la pwani, kisha yakatwishwa maana zilizozaliwa Uingereza na kupitia Bara Hindi au Queensland kabla ya kufika hapa. Neno moja hubeba mizigo miwili, na asiyejua kuwa ipo miwili ni yule aliye kizimbani.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni ule wa kuua. Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa kwa Kiingereza wakati wa ukoloni, hutofautisha makosa mawili, na tofauti yenyewe imesimama juu ya fungu la maneno ambalo likifasiriwa neno kwa neno lingekuwa "uovu wa nia uliofikiriwa kabla". Kwa Kiswahili kosa la kwanza huitwa kuua kwa kukusudia, na la pili kuua bila kukusudia. Majina haya ni mepesi, yamezoeleka magazetini na vituoni, wala hayapendekezwi hapa kuondolewa. Lakini hayalingani na sheria. Kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 200 chasema nia hiyo huwapo si pale tu mtu alipokusudia kuua, bali hata alipokusudia kumdhuru mwenziwe dhara kubwa, au alipojua kuwa tendo lake laelekea kuleta kifo, ijapokuwa hakujali kama kitatokea au hakitatokea.

Basi na achukuliwe mtu aliyempiga jirani yake mpini wa jembe kichwani katika ugomvi wa mpaka wa shamba, jirani akafa. Akihojiwa asema, "Sikukusudia kumuua, nilitaka kumvunja tu asirudi tena." Kwa Kiswahili cha kila mtu amekana kuua kwa kukusudia, na huenda amesema kweli tupu. Kwa sheria, maneno yale yale yaweza kusomwa kuwa ni kukiri nia ya kudhuru vikubwa, yaani nusu nzima ya kosa ambalo adhabu yake katika Kanuni ya Adhabu ni kifo. Zamani pengo hili lilifichwa na tafsiri, kwa kuwa mshtakiwa alisema kwa lugha yake na hakimu akaandika kwa nyingine. Tofauti ilipotea katikati bila mtu kuiona. Leo pande zote mbili zatumia neno moja, na kila upande waamini umeelewana na mwingine.

Kwa wakili wa jinai yafuata mambo ya vitendo. Asimshauri mteja wake kwa jina la kosa, bali amsomee viungo vya kosa kimoja kimoja, na kila kiungo akiulizie peke yake: ulitaka nini ulipoinua mkono, ulijua nini juu ya chombo ulichokishika, ulilenga wapi. Maelezo ya onyo yaliyoandikwa polisi ayapitie neno kwa neno kabla ya kuamua kama atayapinga, maana neno "nilikusudia" huenda likawa la askari aliyeandika, si la aliyesema. Na katika kujibu mashtaka ya aina yoyote, ashike kanuni iliyowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Adan mwaka 1973: shtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaifahamu, na jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe. Kanuni hii imepata nguvu mpya. Palipoandikwa "Ni kweli nilichukua", hapajaandikwa "Niliiba". Na kwa kuwa maneno sasa yamo katika kumbukumbu yakiwa katika lugha yake asili, mahakama ya rufani yaweza kuyapima yenyewe.

Kipimo cha ushahidi nacho chataka hadhari. Mara nyingi husikiwa mahakamani kwamba upande wa mashtaka wapaswa kuthibitisha "pasipo shaka yoyote". Sheria haikutaka hivyo kamwe. Ilitaka pasibaki shaka iingiayo akilini, shaka yenye msingi. Hakuna shauri duniani lisiloachia shaka yoyote, na hakimu akiyashika maneno hayo kama yalivyo hatamtia mtu hatiani daima. "Pasipo shaka yenye msingi" ni ndefu kidogo, lakini ndiyo sahihi.

Katika mikataba na ardhi, matata ni ya namna nyingine. Dhamana ni kumwachilia mshtakiwa hadi siku ya shauri; ni pia mdhamini kujifunga kulipa deni la mwingine, ni mali iliyowekwa kulinda mkopo, na hata madaraka ya waziri huitwa dhamana. Rehani, kwa desturi ya pwani, yaweza kuwa mkopeshaji kuishika minazi na kula nazi zake hadi deni lilipwe; lakini kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 rehani ni ulinzi wa deni tu, haihamishi milki. Mkopaji wa Bagamoyo na benki yake waweza kutia sahihi karatasi moja wakiwa na picha mbili tofauti. Hakimiliki ndiyo ya ajabu zaidi: ni haki ya mtunzi juu ya kitabu chake, tena ni haki ya mwanakijiji juu ya shamba lake, ijapokuwa ardhi yote ya nchi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati amepewa haki ya kuikalia na kuitumia, si kuwa bwana wake wa mwisho. Mwandishi wa mkataba afanye lile ambalo waandishi wa Kiingereza walilizoea zamani: atoe fasili ya kila neno la namna hii mwanzoni, kwa sentensi nzima, wala asiitegemee kamusi.

Liko pia neno tuzo, ambalo mtaani ni zawadi ya mshindi. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hutoa tuzo katika migogoro ya kazi. Mahakama za madai nazo hutoa hati ya tuzo baada ya hukumu. Wakili wa kazi anayetaka tuzo ya Tume ipitiwe na Mahakama Kuu ana wiki sita tangu alipopewa. Anayekata rufaa dhidi ya hukumu ya Mahakama Kuu ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya rufaa, na rufaa ya madai isiyoambatana na hati ya tuzo au amri inayolalamikiwa yaweza kukwama mlangoni. Kwa hiyo haifai kuandika "tuzo" peke yake katika waraka wowote. Iandikwe ni tuzo ya nani.

Kenya hali ni tofauti. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini katika mahakama za juu kumbukumbu ni za Kiingereza, hali shahidi asema Kiswahili. Huko pengo la tafsiri lingali wazi, na wakili aonaye kwamba neno la shahidi lina uzito aombe liandikwe kama lilivyotamkwa, kando ya tafsiri yake, siku ile ile linaposemwa.