Kiongozi wa Ngoma Naye Ana Jina

Ndugu zetu wa Visiwani waliopata kufika Nzuguni, mashariki ya mji wa Dodoma, wanapakumbuka kwa vumbi lake na kwa Viwanja vya Nane Nane. Kila ufikapo mwezi wa Agosti wakulima huleta hapo mtama, alizeti na zabibu zao, na vikundi vya ngoma huitwa kuwalaki wageni. Hapo ndipo tulipoona jambo lililotufanya tushike kalamu. Akina mama wa Kigogo walikuwa wakipiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, kila mmoja na mdundo wake. Mbele yao alisimama mama mmoja wa makamo. Akiinua kidevu, ngoma ndogo hunyamaza. Akigeuza bega, sauti nyembamba huingia. Mgeni rasmi alipowasili, kipaza sauti kilitangaza "kikundi cha ngoma kutoka kijijini". Jina la mama yule halikutajwa.

Kazi aliyokuwa akiifanya ina heshima kubwa katika nchi nyingine. Huko Ulaya, mtu atakaye kuongoza okestra na opera husomea kwa miaka mingi, na aghlabu huanza chini kabisa, akimfundisha mwimbaji mmoja mmoja kwa piano, kabla ya kuaminiwa kusimama mbele ya umati wa wapigaji na waimbaji. Ajabu ya kazi hiyo ni kwamba mwenye kuiongoza sauti yote yeye mwenyewe hapigi ala yoyote. Zamani alisikika: Jean-Baptiste Lully, mkuu wa muziki wa mfalme wa Ufaransa, alihesabu mapigo kwa kugonga sakafu kwa fimbo ndefu. Siku moja alijigonga mguu, kidonda kikaoza, naye akafa mwaka 1687. Kifimbo chepesi kilienea baadaye.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali hatuioni kazi hiyo kuwa ngeni. Watoto arobaini husoma Kurani kwa sauti, kila mmoja mahali pake, na mwalimu ameinamisha kichwa kama asinziaye. Ghafla bakora humwelekea mmoja: "Rudia!" Amelisikia kosa moja kati ya sauti arobaini. Sikio la namna hiyo ndilo mtaji wa kiongozi wa muziki. Mkono ni mtumishi wake tu.

Wazanzibari nao wanayo historia yao katika jambo hili. Mwaka 1869 jumba la opera lilifunguliwa mjini Cairo, na mwaka 1871 opera ya Aida, iliyotungwa na Verdi, ikachezwa hapo kwa mara ya kwanza, ikiongozwa na Giovanni Bottesini. Zama hizo hizo Sayyid Barghash alitawala Unguja, tangu 1870 hadi 1888, na husimuliwa kuwa alimpeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni. Opera haikuvuka bahari kuja kwetu. Taarab ilivuka, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Katika taarab kiongozi huweza kuketi ndani ya safu na fidla yake, wenzake wakamfuata kwa jicho. Hapo mpiga fidla wa Unguja na mama wa Nzuguni ni ndugu wa kazi moja.

Tutazame sasa jinsi kazi hiyo ilivyomchukua mtoto wa bara. Hukwe Zawose alizaliwa kijijini Doguwe, mkoani Dodoma, katika ukoo wa wanamuziki wa Kigogo. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana, na katika miaka hiyo ya 1960 alimwita Zawose Dar es Salaam. Zawose akaingia katika kikundi cha ngoma cha taifa. Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, akawa miongoni mwa walimu wake. Aliketi na ilimba yake, akaweka mapigo, na jamaa zake wakaingia kwa zeze, njuga na sauti zilizopandana. Waingereza walitoa sahani zake, Chibite mwaka 1996 na Assembly mwaka 2002. Alifariki dunia Bagamoyo mwezi wa Desemba, 2003.

Zawose hakuzika ujuzi wake pamoja naye. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na katika ukoo ule wanawake walivukuta kwa miaka mingi, wakiitikia nyuma ya wanaume. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa sahani yao wenyewe, Maisha, wao wakiwa mbele.

Lakini ni wangapi waliobahatika kuitwa na Rais? Hapa yatupasa tujisahihishe, sisi wa Chama pamoja na watumishi wa Serikali. Tunawaweka wachezaji juani tangu alfajiri wakimngoja mgeni wa saa sita. Tunawapa soda na nauli, kisha tunasema katika hotuba kuwa utamaduni ni roho ya taifa. Kiongozi wao hatumwulizi alijifunza kwa nani, wala anamfundisha nani. Siku akifa, kikundi hubaki na ngoma zote, na hakuna ajuaye lini zinyamaze.

Dawa yake si ghali. Afisa utamaduni wa kila wilaya, bara na Visiwani, aandike daftarini jina la kila kiongozi wa ngoma, wa taarab na wa kwaya, na jina la mwanafunzi wake. Pale asipokuwapo mwanafunzi, atafutwe, na mwalimu alipwe kwa kufundisha kama walimu wengine wanavyolipwa. Nasi Nane Nane ijayo, kabla ya jina la mgeni rasmi, tutasubiri kulisikia jina la mama yule.