Kenya: Jina la Biashara au Kampuni?

Katika nchi jirani ya Kenya, askari anapovua sare na kupokea kiinua mgongo chake, hakosi rafiki wa kumshauri aandikishe kampuni ili apunguze kodi. Ushauri huo yafaa upimwe kwa hesabu, kwa kuwa fedha inayohusika ni jasho la miaka mingi ya utumishi.

Tangu Sheria ya Makampuni ya 2015, hata mtu mmoja peke yake aweza kuunda kampuni nchini humo. Lakini mwenye duka asidhani kwamba ubao mpya mlangoni utamwokoa. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo yaliyozidi shilingi milioni 1 za Kenya kwa mwaka, na yasiyopita milioni 25, hutozwa asilimia 3 ya mauzo yote, iwe ya mtu binafsi au ya kampuni. Kodi hiyo haiulizi faida. Duka lililouza bidhaa za milioni 2 hulipa shilingi 60,000, hata kama mwenyewe alibakiwa na 150,000 tu. Mtu wa namna hiyo sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna wa Kodi kwamba ataka kutozwa kwa faida. Na kwa faida ndogo kama hiyo, nafuu anayopewa kila mtu, yaani shilingi 28,800 kwa mwaka, humfutia kodi ya mapato yote. Ila itambidi atunze vitabu vya hesabu, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Hali ni nyingine kwa ofisa mstaafu anayefundisha walinzi wa makampuni ya ulinzi. Ada za mafunzo na za ushauri hazimo katika kodi ya mauzo. Hutozwa kwa faida. Tuseme amepata faida ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya 2023, akiwa mtu binafsi kodi yake huanzia asilimia 10, na baada ya nafuu hufikia 88,600. Kampuni hutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, yaani 180,000. Na akijigawia kilichobaki, gawio hukatwa asilimia 5, nayo ni 21,000 zaidi. Jumla ni 201,000, zaidi ya maradufu!

Wajanja husema mwenye kampuni na ajilipe mshahara. Ni kweli kwamba mshahara huondolewa katika faida ya kampuni, lakini mpokeaji hutozwa kwa viwango vilevile vya mtu binafsi, na kampuni yapaswa kuongeza asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba.

Kampuni huanza kuleta nafuu ya kodi kwa mwenye mapato makubwa, ambayo kwa mtu binafsi hufikia asilimia 35 yakizidi shilingi 800,000 kwa mwezi, hasa akiiacha faida ndani ya biashara.

Faida nyingine ya kampuni haihusu kodi. Mwenye jina la biashara akishindwa kulipa deni, mdai aweza kuishika hata nyumba yake. Deni la kampuni ni la kampuni, isipokuwa pale mwenyewe alipotia sahihi ya dhamana benki, na mabenki mengi hudai sahihi hiyo kabla ya kutoa mkopo.