Kelele mtaani Singida: Kipimo kinajuaje ni mashine ya nani?

Mkoani Singida, mashine za kukamua alizeti na za kusaga ziko nyingi, nyingine jirani kabisa na nyumba za watu. Mtu akilalamika kelele, mwenye mashine anasema ni ile ya pembeni. Sasa nani mkweli?

Kanuni za kelele za mwaka 2015 zinaruhusu desibeli 50 mchana kwenye makazi, usiku 35. Ila kipimo kinatoa namba tu, hakitaji mtu.

Ndiyo maana mpimaji makini hupima mara mbili: mashine ikiwa imewashwa, kisha imezimwa. Namba isiposhuka, kelele kubwa inatoka kwingine. Hapa kuna mtego. Mashine mbili zikiwa na kelele sawa, ukizima moja zinapungua desibeli 3 tu, sikio halioni tofauti kubwa. Mtu anaweza kuonekana hahusiki, kumbe ni nusu ya tatizo. Kwa hiyo kila moja inapimwa ikiwa peke yake.

Upepo wa Singida nao ni mtihani. Ukipiga kwenye maikrofoni unasomeka kama kelele, hivyo maikrofoni huvalishwa sponji. Simu tupu mkononi? Hayo ni makadirio.

Moshi wa injini ya dizeli hupimwa kwa mwanga: unapitishwa kwenye moshi, kinaangaliwa kiasi kinachofika upande wa pili. Lakini kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, inahitaji kifaa kinachovuta hewa kutoka kwenye bomba.

Unataka kulalamika NEMC au kwa ofisa mazingira wa halmashauri? Andika saa kelele inapoanza na inapokoma, kila siku. Mpimaji atajua aje saa ngapi.