Wanafunzi wa maabara wafunzwe kwa visa vya wagonjwa

Unapougua homa na kwenda hospitali, ndugu msomaji, mara nyingi dawa utakayopewa hutegemea mtu usiyemjua jina: mtaalamu wa maabara. Daktari huamua kwa kusoma alichoandika huyo. Akikosea, daktari naye hukosea. Kwa hivyo yafaa ujue jinsi anavyofunzwa.

Mwanafunzi wa maabara hufundishwa hatua: paka damu kwenye kioo, tia rangi ya Giemsa, tazama kwa hadubini, hesabu vimelea. Hatua hizo ni lazima azijue, lakini hazimwambii kama jibu linaafikiana na hali ya mgonjwa. Hapo ndipo visa husaidia. Wanafunzi hukaa kwa kikundi, hupewa habari za mgonjwa kidogo kidogo, kisha huamua kipimo kinachofuata na sababu yake. Mtindo huu si mgeni nchini. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, kilianza kwa kufunza kupitia matatizo ya kutatuliwa.

Tutoe mfano. Mtoto wa miaka 2 aletwa na mamake zahanati huko Karungu, ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kaunti ya Migori. Ana homa, na vidole vyake vimevimba. Kipimo cha haraka chaonyesha malaria. Kwa kuwa malaria ni ya kawaida kando ya ziwa, mwanafunzi mwenye pupa atafunga kitabu.

Mwalimu auliza: alimeza dawa lini? Mama asema alimaliza dawa za malaria wiki mbili zilizopita. Kumbe kipimo hicho hutafuta protini ya kimelea, nayo yaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hadubini haionyeshi kimelea hata kimoja. Hemoglobini ni gramu 6 tu kwa desilita, na baadhi ya chembe nyekundu zimejipinda kama mundu. Huenda ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli na ambao umeenea sana eneo la ziwa.

Kisa hakijaisha. Kipimo rahisi cha sikoseli hakitofautishi mgonjwa na mtu aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja tu. Kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini chahitajika, na damu ichukuliwe kabla mtoto hajaongezwa damu ya mtu mwingine. Tena watoto wa sikoseli hushambuliwa upesi na bakteria. Angerudishwa nyumbani na dawa za malaria, angeweza kufa.

Nawe msomaji una wajibu. Ukifika maabara, taja dawa ulizomeza na siku ulizozimeza, na useme kama umewahi kuongezwa damu. Dai majibu yaliyoandikwa. Hakikisha pia anayekupima amesajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999.