Redio Yako Diani Inapiga Kelele Tu? Soma Hii Kabla Hujamwaga Doo Kwa Filta

Mei 12, 2024, kebo mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na Kenya nzima ikaanza kulia net inakokota. Siku kama hiyo, msee mwenye redio ya ridhaa pale Diani hana presha. Redio yake haipiti kwa kebo ya mtu. Ni antena, betri na anga tu, na usiku wati 100 zinaweza kumfikisha hadi Ulaya.

Ngori ni moja. Ukiwasha, unaweza kuskia kila kitu kasoro yule unayemtafuta. Hapo ndipo filta inaingia, na hapo ndipo wasee wengi huchoma pesa bure.

Filta ni geti ya feri

Fikiria Likoni saa kumi na moja jioni, kila mtu anataka kuvuka kwenda South Coast. Geti ikiachwa wazi, watu wanamwagika na hata wewe hutembei. Filta ni hiyo geti. Haiongezi nguvu ya mawimbi ya mtu unayemsaka, kazi yake ni kufungia nje wasiohusika. Upana wake hupimwa kwa Hz. Kwa hivyo usiulize "filta gani ni kali?" Jiulize "nataka nani apite?"

Chagua upana kulingana na form yako

Unaongea kwa SSB? Karibu 2.4 kHz inatosha. Msongamano ukizidi, shuka hadi 1.8 kHz. Mtu atasikika kama anaongea ndani ya mtungi, lakini maneno utayashika.

Unapiga Morse? Anza na 500 Hz. Hiyo 250 Hz iache ya usiku wa mashindano. Nyembamba sana nayo ina balaa yake: masika yakianza na radi ikipasuka huko baharini, filta hulia kama kengele kila mpasuko.

Unaskiza stesheni za AM? Fungua hadi 6 kHz hivi, la sivyo muziki utasikika umebanwa.

Unatumia FT8 na kompyuta? Acha wazi, kama 3 kHz. Programu inasoma watu wengi kwa mpigo, sasa ukibana geti unawafungia nje mwenyewe.

Redio ya mtumba ama mpya?

Hapa ndipo doo inaokolewa. Yaesu FT-817 ina nafasi moja tu ya kuongeza filta. Unachagua: ya sauti ya 2.3 kHz, ama ya Morse ya 500 Hz. Kama Morse huijui, hiyo ya 500 Hz itakaa tu, maana sauti ya mtu haiwezi kupenya hapo. FT-857D ina nafasi mbili, kwa hivyo unaweza kuweka zote.

Redio za kisasa kama Icom IC-7300 zinafanya hii kazi kwa dijitali. Unazungusha kitufe, upana unabadilika, hakuna kitu cha kununua. Kama ndiyo unayo, mtu akikuuzia filta ya kuchomeka ndani, mwambie asante, pita.

Lakini usidhani dijitali inamaliza yote. Kenya iko Kanda ya 1 ya ITU, na huku masafa ya ridhaa ya mita 40 ni 7.0 hadi 7.2 MHz. Juu tu ya hapo kuna stesheni za matangazo zenye nguvu ya kilowati 100 na zaidi. Giza likiingia Msambweni, hizo zinagonga redio yako vibaya. Redio ikiwa na filta dhaifu mlangoni, inalemewa hata kabla dijitali haijaanza kazi. Ndiyo maana ukinunua, uliza kwanza kuhusu filta ya mwanzo. Yaesu FT-891, kwa mfano, imewekewa ya 3 kHz.

Huna doo ya redio kubwa? Kile kidude cha USB cha RTL-SDR kinaweza kukuanzisha. Wanaanga wa ISS wakiongea na wanafunzi hushuka kwa 145.800 MHz, na unaweza kuwaskia wakipita juu ya Kwale. Shida ni stesheni za FM za kati ya 88 na 108 MHz, zinakilemea haraka. Hapo nunua filta ya kuzuia FM, ichomeke kati ya antena na kidude.

Jaribu hii kwanza, ni bure

Weka redio kwa betri, kisha zima umeme wa nyumba nzima kwa swichi kuu. Ikiwa una sola, zima inveta pia. Kelele imeshuka? Basi mkora yuko ndani ya keja: chaja ya simu, taa ya LED ama hiyo inveta. Filta haiwezi kumtoa, kwa sababu kelele yake imekaa palepale kwa masafa yako. Badilisha chaja, ama sogeza antena mbali na nyumba.

Kelele ikibaki vilevile na bado stesheni za jirani zinakuingilia, sasa filta ina maana.

Na usisahau, kurusha sauti hewani kunahitaji leseni ya CA. Alama za wasee wa Kenya huanza na 5Z4.

Mwisho, weka hii namba akilini: 7110 kHz. Ndiyo kitovu cha mawasiliano ya dharura kwa mita 40 huku Kanda ya 1. Siku mafuriko yamekata barabara na minara ya simu imezima, mtu anayeomba msaada anaweza kuwa na betri imebaki kidogo na sauti hafifu. Geti yako ikiwa imewekwa fiti, utamskia.